Majina ya Kwenye Bidoni

Haya alinihadithia Riziki mwenyewe, mwaka wa tatu tangu bunduki zinyamaze, siku tulipokuwa tunachagua mchele wa maulidi kwenye baraza ya nyumba yake hapa Rumonge. Sikumuuliza. Alikuwa na ungo mapajani, akaokota kajiwe, akakatazama, akaanza kusema. Alipomaliza, mchele wote ulikuwa umechaguliwa, na mpaka leo sijui ni nani aliyeuchagua.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na moja, mwezi wa saba, kiangazi. Vita vilikuwa bado vinaendelea. Barabara ya kwenda Bujumbura haikuwa ya kupita saa unayotaka. Asubuhi wanajeshi walitangulia kwa miguu kuikagua, na mpaka waseme iko sawa, magari yalipanga mstari kwenye bariyeri, kizuizi cha wanajeshi. Ikifika saa kumi ya jioni, imefungwa tena.

Riziki siku hiyo alipanda gari la kwenda Minago kununua mawese. Kazi yake ilikuwa hiyo, kuyachukua Minago na kuyauza Rumonge sokoni. Watu wote walimwita Mama Kaoutar. Mume wake Buruhani, fundi wa baiskeli, alikufa kwa homa kabla vita havijaanza, akamwachia mtoto mmoja tu, huyo Kaoutar. Naye Kaoutar alikuwa ng'ambo ya ziwa, kambini, upande wa Kigoma. Alivuka mwaka wa tisini na saba, wiki ile watu walipokimbilia maboti. Huko alikuwa ameolewa, na alikuwa na mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu aliyeitwa Esha, jina la mama yake Riziki. Riziki hajamwona mjukuu huyo hata kwa picha. Lakini magauni matatu alikuwa amekwisha kumshonea na kuyapeleka, na la nne lilikuwa mikononi mwake humo garini, akilipinda shingo.

Salamu za Kaoutar zilikuja kwa mkono wa jirani yake, Cibalonza. Huyu alikuwa Mushi, mtu wa kabila la Bashi, Mkristo aliyetoka Kivu ya Kusini, mjane kama yeye, mpika sabuni. Mdogo wake Cikuru alifanya kazi kwenye boti za mizigo za Kigoma, basi habari zilipitia kwake. Wanawake hawa wawili walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na sita. Pilau ya Idi, sahani ya kwanza ilipita juu ya ukuta kwenda kwa Cibalonza. Noeli ilirudi na kuku, na kuku huyo Cibalonza alikuwa amempeleka kwanza akachinjwe na Muislamu, ili jirani yake ale bila wasiwasi.

Kwenye bariyeri, kabla ya Minago, dereva alizima gari.

"Shukeni mujinyooshe. Wanajeshi bado hawajarudi."

Pale kwenye kona, upande wa mlima, palikuwa na ukuta mpya. Upana wake kama milango miwili, kimo chake kifuani, wote wa sima, yaani saruji, na juu yake msalaba. Mwanaume mfupi mwenye kofia ya karatasi alikuwa anaufuta vumbi kwa brashi.

"Hapa mumejenga nini?" aliuliza mama mmoja wa unga wa muhogo, aliyekuwa amefanya kelele tangu Rumonge.

"Ukuta wa marehemu," alisema fundi. Jina lake Bahizire, naye Mushi. "Wale wa gari lililopigwa hapa kwenye kona, mwaka wa tisini na saba. Jumamosi musitanteri, mkubwa wa komini, anakuja kuufungua, na wakubwa wa Bujumbura. Someni, someni, ni bure. Ila musiegemee."

Watu wakasogea. Riziki alikuwa amesoma mpaka mwaka wa nne wa primeri, na kusoma kwake kulikuwa kwa kidole. Majina yalichorwa kwa msumari sima ikiwa mbichi. Yalikuwa tisa. Akasoma la kwanza, Mushagalusa Éphraïm. La pili Fabiola, peke yake. La tatu, la nne. La tano likasema RIZIKI BURUHANI.

Akacheka.

"Oneni, nina wajina humu."

"Nani wajina wako? Wewe si Mama Kaoutar?"

"Jina langu ni Riziki. Na marehemu mume wangu alikuwa Buruhani."

Mama wa unga akapiga kofi. "Yebabawe! Kumbe tumepanda gari na maiti! Dereva, njoo uone, ndiyo maana gari lako lilikuwa linanuka!"

"Mimi nilijua," dereva akasema. "Mutu mzima hawezi kukubali kukaa kile kiti cha nyuma."

Watu wakacheka, na Riziki akacheka nao. "Na wewe fundi, mimi Muislamu, umenisimamishia musalaba kichwani!"

Bahizire peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika brashi kama mtu aliyeitwa jina lake usiku. "Mama, usinitanie na kazi yangu. Uko Riziki Buruhani kweli?"

Riziki akafungua mdomo kusema ndiyo, na ndiyo ikakataa kutoka. Kwa sababu kwenye karangamuntu yake, kadi anayoonyesha kwenye bariyeri kila siku, ameandikwa Riziki binti Sefu. Msikitini ni binti Sefu. Sokoni ni Mama Kaoutar. Riziki Buruhani hajaitwa na mtu hata siku moja. Hata hivyo maneno hayo mawili amewahi kuyaona yamekaa pamoja, hivihivi, kwa herufi kubwa. Ni wapi? Akatazama ukuta. Kicheko kikamwisha.

"Fundi, majina haya ulipewa na nani?"

"Na ofisi ya komini. Komini walipewa na shefu wa kilima. Nyumba yake ile pale juu, hatua hamsini. Twende umuulize, maana Jumamosi si mbali na mimi sitaki aibu."

Shefu alikuwa mzee mwembamba, mtu wa muhogo na mbuzi wawili. Aliwapa kigoda, akawaamkia kwa amahoro, akasikiliza. Mwanzo alifikiri wanadanganya. Kisha akamtazama Riziki miguuni, kama anataka kuhakikisha inagusa chini.

"Mama, nitakwambia ilivyokuwa, sikufichi," alisema. "Lile gari lilitoka Minago kwenda Rumonge, watu na mafuta. Likapigwa hapo, likaungua na watu ndani na karangamuntu zote. Tulihesabu kumi na mmoja. Bunduki zilikuwa bado zinalia huku juu. Tulichimba shimo moja, tukawalaza, tukakimbia. Sura hatukuangalia. Nyingine hazikuwa za kuangaliwa. Kilichobaki ni bidoni, madumu ya mafuta, zilizokuwa juu ya gari. Lilipoyumba zilirushwa mpaka ndani ya mihogo yangu. Sasa mwaka huu komini wakaniuliza majina. Nikasema, mtu anajulikana kwa bidoni yake. Bidoni tisa, majina tisa. Wawili hawakuwa na bidoni, Mungu anawajua."

"Bidoni," Riziki akasema.

"Mutu wa mawese si anaandika jina kwenye bidoni yake? Na nani anabeba bidoni ya mwenzake?"

"Sisi wote, shefu. Sisi wa mawese tunaazimana kila siku."

Shefu akainuka. Alikuwa mtu wa muhogo. Hilo hakulijua, na komini hawakulijua, na fundi alichora alivyopewa.

Akawafungulia kibanda cha mbuzi. Bidoni zilikuwa zimepangwa kwenye ukuta, zimefungwa kwa kamba moja masikioni. Riziki hakuhitaji kutafuta. Ya kwake ilikuwa ya tano, ya manjano, na begani mwake yale maneno mawili yaliyochomwa kwa spoku ya baiskeli iliyotiwa motoni. R ilikuwa na mguu mrefu kuliko mwenzake. Buruhani aliyachoma mwenyewe, mwaka waliooana, amechuchumaa uani na ulimi nje kama mtoto wa shule, akasema, "Jina langu nimeliweka nyuma yako, likusukume." Hapo ndipo alipoyaona. Duniani kote hayakuandikwa mahali pengine.

Akakumbuka na mwisho wa bidoni hiyo. Mwaka wa tisini na saba kaka yake alikufa Bujumbura, naye akaenda matangani, akamwacha Kaoutar kwa Cibalonza. Asubuhi ya kuondoka, Cibalonza alikuja kuazima bidoni. Riziki alikaa Bujumbura siku tisa kwa sababu barabara ilifungwa. Aliporudi, nusu ya mtaa ilikuwa imevuka ziwa. Cibalonza akamwambia, "Kaoutar nimempandisha boti mimi mwenyewe, na watu wazuri. Bidoni yako imepotea, watu walikuwa wanakanyagana." Na akamletea bidoni nyingine. Sasa desturi yetu sisi wa mafuta ni kwamba bidoni ya watu hairudi kavu. Ukiazima, unairudisha na kikombe kimoja cha mawese chini. Ile ya Cibalonza ilirudi imejaa zaidi ya nusu. Riziki alimwambia, "Ciba, umepatwa na wazimu? Kikombe kimekuwa pipa?" Naye akasema, "Chukua tu, Mama Kaoutar," na akageuka upesi.

"Basi, nimeelewa," Riziki akamwambia Bahizire. "Bidoni nilimwazima jirani yangu. Yeye iko mzima, asubuhi nimemwacha anakoroga sabuni. Alimtuma mutu. Huyo mutu ndiye aliyelala hapa kwa jina langu."

"Sasa nifanye nini?"

"Jina langu ulitoe. Mimi naenda kumuuliza alimtuma nani, kesho nakuletea. Huyo naye ana mama. Mama yake labda mpaka leo anabakiza chakula."

"Kesho, mama, isipite. Ijumaa nakabidhi kazi."

Bariyeri ilipofunguliwa hakwenda Minago tena. Alipata nafasi kwenye gari la mihogo linalorudi Rumonge, akakaa juu ya magunia, na njia nzima alikuwa anamwonea huruma mwanamke asiyemjua. Alimfikiria anavyouliza wapita njia. Alimfikiria anavyotandika kitanda cha mtu asiyerudi. Akasema moyoni, alhamdulillahi, wa kwangu nilijua aliko tangu siku ya kwanza. Aliniambia hivyo bila kuficha: "Nilimshukuru Mungu, bibi. Juu ya yale magunia."

Saa saba ya mchana Cibalonza alikuwa uani kwake, mbele ya nusu-pipa la sabuni, mwiko mrefu mkononi, jasho kidevuni.

"Yoo, umerudi mapema! Bariyeri imekataa?"

"Acha bariyeri. Ciba, leo nimekufa!" Riziki akakaa kwenye ukingo wa kisima, akavua kiatu, akacheka. "Nimekufa, nimezikwa, na musalaba nimewekewa. Uliza nimezikwa wapi. Kwenye kona ya Minago!" Akamwelezea yote, dereva na mama wa unga na shefu na kibanda cha mbuzi, mpaka R yenye mguu mrefu. "Sasa nipe jina. Ile bidoni ulimpa nani akakuletee mafuta?"

Mwiko ulikuwa umesimama. Sabuni ilikuwa inatoa mapovu makubwa, puu, puu.

"Ciba. Nani?"

"Mama Kaoutar, ingia ndani."

"Siingii, fundi anangoja. Alikuwa mutoto wa nani? Wale Babembe wa bandarini? Niambie, tukamwambie mama yake pamoja. Kama unaogopa, nitasema mimi, wewe utasimama nyuma yangu."

"Ingia ndani, nakuomba."

"Cibalonza!"

Cibalonza akatazama chini. Akasema kwa sauti ndogo, kama anamwambia moto:

"Ni Kaoutar."

Riziki akangoja maneno yanayofuata. Hayakuja.

"Kaoutar yuko Kigoma," akasema.

"Hapana."

"Yuko kambini. Ameolewa."

"Hapana."

"Ana mutoto. Wewe umeniambia ana mutoto, wewe, kwa mdomo wako, hapahapa, ulikuja unakimbia. Esha. Meno mawili ya juu yameota kabla ya ya chini, ulisema."

"Hakuna mutoto, Mama Kaoutar. Huyo nilimzaa miye, kwa mdomo."

Riziki alisimama. Hakulia, hakupiga kelele, hakumshika. Aliona tu kwamba sabuni imeanza kushika chini, maana harufu ilikuwa imebadilika.

"Sabuni yako inaungua," akasema. Akauchukua mwiko mkononi mwa Cibalonza, akaanza kukoroga. Akakoroga kulia, akakoroga kushoto, kiatu kimoja mguuni na kimoja chini. Na Cibalonza akiwa amesimama kando yake, mikono mitupu, akasema yote.

Alisema mguu wake siku ile ulikuwa umevimba, hawezi kutembea. Mafuta Rumonge yalikuwa hakuna. Alikuwa ameahidi sabuni kwa watu wa soko. Kaoutar akasema, "Nitaenda miye, mama Ciba, kuna gari, saa sita niko hapa." Akampa bidoni iliyokuwepo, ile ya kuazima. Saa sita ikapita. Jioni wakasikia gari limewaka kwenye kona. Cibalonza alitaka kwenda, barabara imefungwa. Kesho yake watu wakaanza kukimbilia ziwani, na hakuna aliyemuuliza msichana wa jirani yuko wapi, kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta wake.

"Nilikaa siku nane nikijifunza maneno ya kukuambia. Ukaja. Ukaingia hapo mlangoni na kanga ya matanga ya kaka yako, macho yamekwisha. Ukasema, Kaoutar yuko wapi? Na mdomo ukasema boti. Sikuutuma. Ulisema wenyewe. Nikasema moyoni, kesho nitamwambia kweli, apumzike kwanza leo. Kesho ukaja na uji, ukanishukuru. Ukapiga magoti, Mama Kaoutar. Ukanishukuru kwa kumwokoa mutoto wako! Sasa ningesema nini?"

"Na Cikuru?"

"Nilimlilia. Alikataa mwaka muzima."

Riziki akakumbuka namna Cikuru alivyokuwa akimjibu, "Ndiyo, anakusalimia," huku anatazama kamba za boti. Alidhani ni mtu wa haya.

"Na magauni?"

Cibalonza akaingia ndani. Akatoka na mfuko wa unga. Magauni matatu yalikuwa humo, yamekunjwa, na vipande vya sabuni katikati ili wadudu wasiyale. Riziki aliyaona, akaendelea kukoroga mpaka mikono ikakataa. Mwiko ukamponyoka. Hapo akakaa chini kwenye majivu, na sauti iliyomtoka watu waliisikia mpaka kwenye mstari wa wauza samaki wa ndagala.

Imamu alikuja, akasema maiti ambaye hayupo anasaliwa. Baada ya alasiri wanaume wakasimama safu wakamsalia Kaoutar, miaka minne imepita, jeneza hakuna. Wanawake wakajaa nyumbani, mkeka kwa mkeka. Habari ilipokwisha kuzunguka, wawili watatu wakafunga kanga viunoni waende kwa Cibalonza kumvunjia pipa na mdomo. Riziki akainua kichwa.

"Mwacheni."

"Tumwache? Mchawi yule?"

"Nina kazi naye kesho."

Usiku wake hakunielezea, nami siuelezi.

Asubuhi alimkuta Cibalonza amekaa mlangoni na nguo za jana. Hakumwamkia. "Vaa viatu," akasema. "Komini hawaandiki jina bila shahidi. Shahidi ni wewe."

Wakakaa kiti kimoja garini. Kwenye kona, katibu wa komini alikuwa amekuja kukagua ukuta, na koti na karatasi zake. Bahizire alikuwa amekwisha kumwambia, na katibu hakupenda.

"Lisiti ya majina, orodha yote, imekwisha kufungwa," alisema. "Iko na kashe, muhuri wa komini. Kopi iko Bujumbura. Siwezi kubadilisha maiti kwa maneno ya sokoni."

"Mimi ndiye maiti, bwana katibu," Riziki akasema. "Nitazame."

Katibu akamtazama, akatazama karatasi, akatazama tena.

"Sasa, fundi," akasema polepole, "kwa nini hukuniambia kwamba marehemu anasema?"

"Nilikuambia, mkubwa. Ulisema nimekunywa."

"Na yule mwingine aliyelala humu, nani anathibitisha?"

Wote wakageuka. Pale palikuwa na wanajeshi wa bariyeri, dereva, wasafiri wa magari matatu, na shefu aliyeshuka na fimbo yake. Cibalonza alikuwa na sauti ya sokoni, ya kuuza sabuni toka huku mpaka kule. Siku hiyo ilibidi aseme mara mbili ndipo asikike.

"Miye nilimtuma. Alikuwa Kaoutar, mutoto wa huyu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Miye nilimtuma, na miye nilimwambia mama yake yuko hai."

Mwanajeshi mmoja, kijana, akatema mate kando na kuondoka. Mama mmoja akashika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Andika," katibu akamwambia Bahizire. "Lakini Jumamosi msomaji atasoma lisiti ya Bujumbura, na itasema Riziki Buruhani. Hiyo siwezi kuirudisha."

"Wasome," Riziki akasema. "Nitasimama mbele, wanione."

Bahizire akachukua tindo na nyundo, akaling'oa jina la tano herufi moja moja. Vipande vikaanguka kwenye majani. Akatia sima mpya, akaisawazisha kwa kiganja, akachora KAOUTAR BURUHANI. Alichora taratibu kuliko majina mengine, hata katibu akaangalia saa. Kisha akainua macho juu.

"Musalaba siwezi kuutoa, mama. Unisamehe."

"Uache. Wenzake wanauhitaji."

Akamuuliza shefu shimo lenyewe liko wapi. Shefu akamwonyesha nyuma ya ukuta, mahali mihogo ilipokatika na majani marefu yakaanza. "Pale hatulimi," alisema. Riziki akaingia, akasimama, akafungua viganja, akasoma Fatiha. Alitaka kujua upande upi wa shimo. Shefu akasema hajui. Basi akatembea pande zote nne, akasoma kila upande.

Walirudi Rumonge adhuhuri. Nyumba ya matanga ilikuwa kimya. Wanawake waliokesha walikuwa wamelala wamejipanga kama samaki, mdomo wazi, mchana mweupe, na nzi juu yao. Riziki akapata nafasi kwenye mkeka wa pembeni, akajinyoosha. Macho hayakufunga. Kupitia mlango alimwona Cibalonza amesimama uani, hajui aingie au aende kwake.

"Ingia," Riziki akasema.

Cibalonza akaja akakaa chini, mgongo kwenye ukuta, mbali kidogo na miguu yake.

"Asubuhi ile alivaa nini?"

"Kitenge cha bluu chenye picha za mafeni. Na blauzi yako nyeupe. Alisema usiambiwe."

"Endelea. Na ukiongeza hata neno moja, Ciba, nitajua."

"Siongezi."

"Alikula?"

"Viazi viwili vya jana, na chai. Kimoja alikimenya, kingine alikula na maganda. Alicheka mguu wangu, akasema umekuwa kama mguu wa tembo wa kwenye kitabu. Alitafuta kitambaa cha kichwa, hakukipata, akachukua changu. Alipofika kwenye mlango akarudi."

"Kwa nini?"

"Alisahau kifuniko cha bidoni."

"Halafu?"

"Halafu akaenda. Alikuwa anaimba, sikusikia ni nini."

"Rudia. Toka mwanzo."

Cibalonza akarudia. Kitenge, blauzi, viazi, mguu. Mara ya tatu sauti yake ikaanza kukwama, alikuwa na siku mbili hajalala, na alipofika kwenye kitambaa cha kichwa kidevu kikaanguka kifuani. Akalala hivyohivyo amekaa, miguu mbele, ukoko wa sabuni kwenye kucha.

Riziki akamtazama muda mrefu. Kanga aliyojifunika ilikuwa pana, ingetosha wawili. Hakumfunika. Hakumwamsha pia. Akamalizia mwenyewe pale alipoishia, kwa midomo tu, kitambaa, mlango, kifuniko, akageukia ukutani, na usingizi ukamchukua kabla ya adhana ya alasiri.